Gari Lisiloonja Petroli

Mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka tena. Mwalimu Mtoro akagonga kioo kwa kidole, kama mtu anayemwamsha aliyelala. Haukupanda.

Kabla ya siku hizi, jambo hilo halikuwa limetokea tangu gari liingie Bagamoyo. Lilikuwa haibridi ya kuchomeka: betri ya kuchajiwa nyumbani kwa safari za kawaida, na tenki la petroli kwa dharura. Mtoro, mwalimu mstaafu wa hesabu, alilinunua kwa kiinua mgongo chake, kisha akatangaza barazani kwamba yeye na sheli wameachana kwa talaka tatu.

"Mkiniona sheli, niombeeni dua. Nitakuwa nimerukwa na akili."

Alijua wanamcheka kwa ubahili, kwa hiyo aliwatangulia kucheka. "Mkono wangu huu ukifunguka," alipenda kusema, "muiteni daktari. Umepooza."

Kila jioni alichomeka waya ukutani. Lakini yuniti za LUKU nazo zilimuuma, basi gari lilipoanza tu kushiba, aliuchomoa. Petroli aliiokoa kwa umeme, umeme akauokoa kwa kuchomoa, na mshale ukabaki juu palepale. Mtoro aliona hapo ndipo akili ya Wajapani ilipokutana na yake.

Hata mkewe Dija, aliyelitumia kufuata mananasi Kiwangwa, hakuruhusiwa kuondoka bila somo.

"Usikanyage mafuta. Gusa tu, kama unapapasa paka. Kwenye mteremko liachie lijiendee."

"Sawa, Mwalimu," Dija alijibu kila mara, akapanga matenga yake nyuma.

Sasa Dija hakuwepo. Binti yao Arafa, aliyeolewa huko huko Kiwangwa, alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mama mtu akahamia kwake kumlea mzazi na mtoto. Mume wa Arafa, Yunus, ndiye aliyekuja kuazima gari kila mkewe alipotakiwa hospitali kusafishwa kidonda. Na Yunus alikuwa na pikipiki ya biashara. Pikipiki hainywi umeme.

Mwalimu wa hesabu hakuhitaji ubao.

Yunus aliporudisha gari alimkuta baba mkwe wake kibarazani na jirani yao, Mbaruku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu niambie, Yunus, pikipiki yako siku hizi inatia mafuta wapi?"

Yunus akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mkwewe hacheki, sauti ikamshuka.

"Baba, mimi ninyonye mafuta ya gari linalombeba mke wangu?"

"Mimi sijasema kitu. Mshale ndio unaosema."

Mbaruku akainamisha macho. Yunus aliuweka ufunguo juu ya boneti taratibu, akaaga kwa adabu, akaondoka kwa miguu. Hakuja tena kuazima.

Ndipo Dija alipopiga simu, asubuhi, sauti imemkauka.

"Mwanao anajiandaa kwenda hospitali kwa pikipiki. Na mshono ule, na mashimo yale. Yunus kaapa hagusi gari lako. Umemwambia nini?"

"Ananyonya mafuta, Mama Arafa. Tangu uondoke mshale unashuka kila siku. Mimi nachaji kama kawaida yangu, wala sijabadili kitu."

Dija akaanza kusema jambo, akaliacha.

"Njoo umchukue mwanao," Dija akasema mwishowe. "Na upitie sheli."

"Mimi?"

"Wewe, Mwalimu."

Kwenye gari, taa ya mafuta ilikuwa imeshawaka. Mtoro alimfikiria Arafa amepakiwa nyuma ya pikipiki, mkono tumboni, akahisi aibu iliyoupita hata ubahili wake. Mtoto wa watu anaweza kuwa mwizi, alijiambia, lakini adhabu anaibeba binti yangu.

Lakini bado hakuthubutu kusimama sheli za mjini. Kwenye ile ya kwanza alimwona mtu wa barazani akitia upepo tairi la baiskeli, akajishusha kwenye kiti mpaka macho yakawa sawa na usukani. Mzee mzima, alijisimanga, na mvi zote hizi, unajificha kama mwizi wa kuku. Akashika barabara ya Msata, akigusa mafuta kama anayepapasa paka mgonjwa, mpaka alipoiona sheli moja iliyotulia, mbali na mji, ambako hapana aliyemjua.

Aliingia polepole. Hakujua hata asimame bomba lipi.

Mhudumu, binti wa umri wa Arafa, alimpungia mkono kutoka kivulini. Kabla Mtoro hajasema neno, alikuwa ameshafika upande wa tenki, bomba mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nijaze kama siku zote?"

"Marahaba. Siku zote zipi?"

"Si gari la mama wa mananasi hili? Hajapita hapa bila kujaza. Tulishaanza kuulizana, au anaumwa." Binti aliinama dirishani, akamtazama mzee yule aliyejikunja nyuma ya usukani, akatabasamu. "Kumbe siku hizi kaajiri dereva."

Mtoro alitazama mbele, barabara ya kwenda Kiwangwa.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Lakini bado niko kwenye majaribio."