Kiti cha Haji

Sheria ilitaka sauti ya marehemu iendelee kuzungumza nyumbani mpaka mjane amalize eda, na spika zinazoitoa zisizimwe. Mafundi walizipanga mbili sebuleni, kulia na kushoto. Kila Riziki alipokaa kochini, alimsikia mumewe Haji katikati kabisa, kwenye kiti chake kitupu, akiulizia chai kwa ukali uleule.

Leo alizisogeza spika zote mbili mpaka karibu na mlango. Akarudi kochini. Haji sasa alisikika kwa mbali, akimung'unya maneno tu. Riziki akashusha pumzi.

Mwanawe Asya, aliyejilaza mkekani pale mlangoni, akainuka ghafla, kaziba sikio.

"Mama, baba yuko hapa kwangu. Anauliza nani kamhamisha."