Kifungo cha Tatu

Mwajabu alilikunja koti jipya la safari ya kikazi kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne baba yake, fundi aliyelishona, akalitoa begini.

"Mabega uyageuze ndani nje, mwanangu. Ukilikunja hivyo utafika mkutanoni kama uliyelala nalo."

"Baba, gari linaningoja nje!"

"Lingoje. Kahawa haijachemka."

Hapo ndipo Mwajabu alipoona matundu matatu na vifungo viwili. Akasonya. "Cha tatu kiko wapi?"

"Fundi wa kwetu hashoni kifungo cha mwisho mpaka mwenye nguo akae anywe kahawa. Desturi hiyo unaijua."

Aliijua sana. Mwaka mzima alikuwa akiondoka mbiombio bila kukaa, na vifungo vya nguo alizomshonea vilikuwa kamili kila safari. Leo ndiyo desturi inakumbukwa!

"Nipe sindano, nikishone mwenyewe!"

Akaichukua juu ya cherehani. Vipande vya uzi vilikuwa vimetapakaa pale, kumi au zaidi, ncha zote zimelowa mate na kuchambuka. Tundu la sindano lilikuwa tupu. Baba alikuwa amegeukia jiko, anakoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa.

Honi ikalia. Mwajabu akatunga uzi mara moja tu, akaichomeka sindano kwenye koti, akavuta kigoda.

"Mimina, Baba," alisema. "Ujaze."

Honi ikalia tena, ndefu.