Hodi ya Alasiri

Treni ilikuwa imeshaondoka ujumbe wa shemeji ulipoingia. Fundi vigae aliusoma, akausoma tena, kisha akailaza simu juu ya goti, kioo chini.

"Shemeji, kaka yako ametangulia. Mimi nitamfuata, Mungu akipenda."

Maneno hayo tu. Alipiga simu ya shemeji, haikupatikana. Akapiga ya kaka, kwa mazoea, nayo haikupatikana. Walipovuka mpaka, laini yake ikakata kabisa.

Kaka yake alikuwa mgonjwa wa moyo. Ndiye aliyemlea fundi baada ya baba yao kufa, akamfundisha kushika nyundo, akambandika jina la Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kwa mama. Sasa kila mmoja alikuwa ugenini, nchi yake na kazi yake, na kwa miaka mingi walionana kwenye kioo cha simu tu. Safari hii sikukuu iliangukia Ijumaa. Wakakubaliana wakutane katikati, kwenye mji wa nchi ya tatu ambao hakuna kati yao aliyeujua. Wale, walale, wacheke, kisha Jumatatu kila mtu arudi kazini kwake. Shemeji naye angekuja.

"Niletee dawa zangu," kaka alikuwa amemwambia. "Huku zimeadimika, nilizobaki nazo ni za kuhesabu. Na usizisahau kama ulivyokuwa ukisahau kuoga."

Dawa zilikuwa mkobani. Fundi aliupakata mkoba huo mpaka mwisho wa safari.

Treni ya kurudi ilikuwa mpaka kesho. Akaenda kwenye nyumba ya wageni waliyoipanga, maana hakuwa na pengine pa kulilia.

Mwenye nyumba alikuwa mama mnene mwenye aproni. Hakujua lugha ya fundi, wala fundi hakujua ya kwake. Alimtazama sana usoni, akatabasamu, akainua vidole viwili. Fundi akatikisa kichwa, akainua kimoja. Mama akakataa, akarudia viwili. Basi fundi akaunganisha viganja, akavilaza shavuni, akafumba macho, ili aelewe kwamba yule wa pili amelala usingizi usio na kuamka.

"Aaa," mama alisema. Akaweka kidole mdomoni, akampandisha ngazi kwa kunyata. Fundi aliona ni heshima ya msiba.

Walipopita ghorofa ya kwanza alinusa mafuta ya kuchua, yale yale ya kaka. Msiba una pua, alijiambia, akaendelea kupanda.

Chumba chake kilikuwa juu kabisa: kitanda, sinki, dirisha lililotazama mapaa na mvua. Nyuma ya sinki kigae kimoja kilikuwa kimepigwa upande. Siku nyingine angemtukana aliyekipiga. Alijitupa kitandani na viatu vyake.

Ilikuwa alasiri aliposikia hatua kwenye ngazi. Zilipanda polepole, zikasimama, zikapanda tena. Kisha kikohozi.

"Hodi."

Nywele zikamsimama. Watu wa mji ule hugonga tu. Hakuna apigaye hodi.

"Hodi humu. Kitinda, ni mimi."

Ilikuwa sauti ya kaka, lakini nyembamba, kama inayotoka kisimani.

Mama yao aliwaambia wangali wadogo: maiti akikuita, usiitike, aitikaye hufuatana naye. Fundi alikuwa amelicheka neno hilo maisha yake yote. Sasa alishuka kitandani, akaegemeza bega mlangoni, akashika kitasa kwa mikono miwili.

"Dawa zangu umeleta?"

Machozi yakamtoka. Mtu keshakufa, bado anafuata dawa. "Nenda, kaka," alinong'ona. "Nenda ukapumzike. Dawa hazikufai tena."

Halafu kicheko kifupi, kikakatika katikati.

"Acha mzaha wewe. Ngazi zimeniua."

"Nakuombea, kaka. Nenda."

Kitasa kikatikisika mikononi mwake, mara moja tu. Kitu kizito kikateleza taratibu upande wa pili wa mlango, kikafika chini. Fundi alikimbilia sinki, akafungulia maji mpaka mwisho, akasoma kwa sauti kila dua aliyoijua, na zilipokwisha akabuni nyingine.

Alipofunga maji, nje palikuwa kimya. Alimshukuru Mungu.

Ndipo mama mwenye nyumba alipopiga ukelele.

Fundi alifungua mlango, na kaka yake akamwangukia miguuni. Alikuwa na soksi tu, na jasho kwenye paji la uso, na mkononi ufunguo wa chumba cha ghorofa ya kwanza. Shingo yake ilikuwa na joto bado. Mama alisimama kwenye ngazi ameshika sinia la chai, vikombe viwili vikigongana.

Fundi alimmiminia dawa kinywani. Zikabaki pale pale juu ya ulimi.

Baadaye mama alimwazima simu yake. Fundi alibonyeza namba ya shemeji, na safari hii ikaita.

"Shemeji," alisema. Neno la kifo hakuthubutu kulitamka, akachukua lile alilolisoma kwenye treni. "Kaka ametangulia."

Shemeji akacheka. "Sasa hiyo nayo ni habari? Si mimi niliyekuandikia? Mwambie kesho mje wote wawili stesheni, nina mizigo."