Vidonge vya Mwezi wa Kwanza

Kadi ya kliniki ilipowekwa mezani, nesi Mashavu alisoma jina la mume kabla ya kumtazama aliyeileta. Shomari. Mwaka jana alikuwa mume wake; sasa ni wa huyu aliyeketi mbele yake.

"Siku zangu zimechelewa wiki moja, dada," alisema Hidaya kwa sauti ndogo. "Nimesikia kuna vidonge vya foliki, vya kujenga uti wa mgongo wa mtoto."

Mkebe wa vidonge hivyo ulikuwa kwenye droo, bado una vingi. Tangu asubuhi Mashavu alikuwa akivigawa, akimhimiza kila mwanamke aanze leo leo, maana uti wa mtoto hujifunga mapema, wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Sasa aliisukuma droo kwa goti mpaka ikajifunga.

"Haraka ya nini?" alisema huku akitabasamu. "Rudi mimba ikifika mwezi wa nne."

"Sitakuwa nimechelewa?"

"Nesi hapa ni nani, mimi au wewe?"

Hidaya akashukuru, akachukua kadi yake, akatoka.

Mashavu aliingoja ile furaha aliyoiwaza mwaka mzima. Ikaja, akaionja, wala haikudumu. Alifungua droo, akautwaa mkebe, akatoka mbio hadi barazani. Hidaya alikuwa ameshafika getini, mkono tumboni, akiwapisha watu waliobeba machela. Mashavu akafungua kinywa amwite, na jina hilo, ambalo hakuwahi kukubali kulitamka, likamkwama kooni.