Hirizi ya Kwenye Kitako

Machela alitaka tu kujua umri wa bunduki ya kuwindia aliyoirithi. “Babu Likwaya aliinunua kwa mzungu,” alimwambia fundi, kifua mbele.

Fundi huyo, Mzee Mtolia, akafungua kitako cha bunduki kwa bisibisi. Ikadondoka mezani hirizi ya ngozi, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Mzee akakunja mkono wa shati. Nyingine kama ile ilikuwa imefungwa mkononi mwake, uzi uleule.

“Mama alishona mbili, mwanangu. Hiyo baba alikwenda nayo kuwinda, ndani ya bunduki yake.”

“Akarudi?”

“Alirudi mwenzake, Likwaya. Akasema simba kamla baba, na bunduki imezama mtoni.”

Machela alinyoosha mkono kuichukua bunduki yake. Mkono ukaganda juu ya meza, kati ya bunduki na hirizi, na mzee akawa anautazama, aone utaelekea wapi.