Vitundu vya Libuyu

Sebarenzi alikuwa akisugua unga wa mbao na gundi mgongoni mwa gita, akiziba vitundu vya mwisho, mjane alipoingia karakanani. Mume wake, mpiga gita wa kwaya, alizikwa juzi. Gita hii mpya ndiyo aliyoagiza.

Mjane akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Iko laini," akasema.

"Mbao ya libuyu ya Walikale iko na vitundu mingi, Mama. Ukikosa kuviziba, verni ya kung'arisha inazama."

"Ile siku bwana yangu alikuja mgonjwa, na fimbo ya kutembelea, kukuomba aipige gita vile iko. Papa Sebarenzi, ilikuwa tayari inalia?"

Gundi ilianza kukauka katikati ya vidole vya Sebarenzi. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameifungia gita nyuzi ili kuijaribu, akapiga wimbo mmoja peke yake, na sauti ikajaa chumba hadi akacheka. Kisha akazifungua. Mgonjwa alipofika, akamwambia arudi kazi ikiisha. Aliona aibu watu wa parokia waione kazi yake ikiwa na vitundu.

Angeweza kusema, "Bado." Neno hilo lingempunguzia mama huyu uchungu, na yeye pia.

"Ilikuwa inalia," akasema.

Mjane hakuondoa kiganja chake.

"Vizuri?"

Sebarenzi akaigeuza gita kuelekea mwanga wa mlangoni, akainama, akatafuta hata kitundu kimoja kilichobaki wazi, kati ya vile alivyovionea aibu siku ile. Hakukiona.