Kifuniko

Miezi minane Zubeida aliikinga seli yake ya umeme wa jua dhidi ya hewa kama mtoto ambaye hajatimiza arobaini. Tabaka lake la juu, jembamba kuliko utando wa maziwa, lilikataa kupitisha umeme vizuri. Jana, kwa haraka ya harusi ya mpwa wake, alisahau kukifunika kisanduku alimoihifadhi.

Asubuhi aliiweka juani akiwa amekata tamaa, akaiunganisha na feni ndogo. Feni iliyozoea kujikokota ikavuma, ikapeperusha karatasi mezani.

"Daktari, umeipaka nini?" akauliza Mzee Mwinjuma, mfagiaji wa maabara.

"Sikuipaka kitu. Kumbe lile tabaka lilitaka hewa."

"Hewa hii hii uliyotufungia madirisha tukaiva humu?"

Zubeida akacheka hadi machozi. Akafungua dirisha, akachukua kile kifuniko cha kisanduku, akakipachika ubavuni mwa dirisha ili lisijifunge tena.